Tulimwita Mama Mvivu

Sisi watoto wa nyumba yetu hapa Kasomeno tulilizoea rovu lililokuwa shingoni mwa Mama tangu utoto wetu, wala hatukuliogopa. Lakini mwaka juzi alianza kukonda, ijapokuwa alikula bukari kuliko sisi sote. Mikono ilimtetemeka, jasho lilimtoka hata alfajiri ya baridi, na moyo ulimwenda mbio. Tukampeleka Lubumbashi. Damu ikapimwa, tukaambiwa kwamba tezi yake ya shingo yafanya kazi kupita kiasi.

Ugonjwa huo si mgeni katika Kongo. Katika kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, waganga walichunguza habari za rovu tangu miaka ya 1960. Asili yake kubwa ni upungufu wa iodini katika chakula. Chumvi yenye iodini ilipoenea, rovu lilipungua. Hata hivyo, mwaka 1996 gazeti la waganga liitwalo The Lancet lilieleza habari za watu wa Kivu ambao tezi zao, zilizokaa na njaa ya iodini muda mrefu, ziliamka kwa nguvu mno. Hiyo si sababu ya kuiacha chumvi hiyo. Ni sababu ya kumpeleka hospitali mwenye rovu anayekonda bure.

Mama alipewa vidonge vya karbimazoli. Vidonge hivyo huizuia tezi isitengeneze homoni mpya, lakini ile iliyokwisha wekwa akiba hubaki. Ndiyo maana nafuu huja baada ya majuma kadhaa. Miezi miwili ikapita, Mama akanenepa, akacheka, akarudi shambani.

Hapo ndipo kosa letu lilipoanza. Tuliagizwa kurudi baada ya majuma sita ili damu ipimwe tena. Sisi tukaona njia ni ndefu, nauli ni ghali, na mgonjwa ni mzima. Tukanunua vidonge vile vile, kwa kipimo kile kile, miezi minane.

Basi Mama akawa mzito. Alisinzia mchana, alijifunika blanketi juani, uso ukamvimba. Mmoja wetu akamwita mvivu. Jirani akanong'ona habari za uchawi. Mama hakujibu, alilia tu. Tuliporudi hospitali, damu ilisema kweli: dawa ilikuwa imeishusha tezi kupita kiasi. Daktari akavipunguza vidonge.

Tangu siku ile twajua kwamba kipimo cha dawa hii hakikai kimoja. Mwanzoni damu hupimwa kila majuma manne hadi sita, na dawa hufuata damu, si macho ya jamaa. Mgonjwa asiache wala asizidishe kwa shauri lake. Tena akipata homa au maumivu ya koo, asimeze kidonge kingine, bali apimwe siku ile ile. Maana mara chache dawa hiyo huangamiza chembe nyeupe za damu zinazoulinda mwili.

Tulimwomba Mama msamaha, naye akatusamehe. Sasa kila tuuzapo mahindi, fedha ya nauli yake huwekwa kando kwanza, kabla hatujanunua hata sabuni.