Barua ya Msamaha na Nauli ya Bodaboda: Kumbukumbu za Afisa Ustawi wa Jamii

Kumbukumbu hizi zinahusu kazi ya ustawi wa jamii katika bonde la mto Kilombero, mkoani Morogoro, ambako mwandishi alitumika kama afisa wa halmashauri kwa sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi. Ustawi wa jamii ni fani inayoshughulikia wazee, watu wenye ulemavu, watoto walio katika mazingira hatarishi na kaya zisizojimudu. Afya nayo ina mganga mkuu wake, fungu lake la fedha na taarifa zake za kila robo mwaka. Kwa muda mrefu pande hizi mbili zilihudumia watu walewale pasipo hata kupeana majina yao.

Mazingira ya bonde hilo yaliongeza ugumu. Msimu wa mpunga unapofika, familia nyingi huhamia kwenye madungu, yaani vibanda vya mashambani vilivyoinuliwa juu ya nguzo, na kukaa huko miezi kadhaa huku masika yakifunga njia. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi wa mwaka 2007, uliokusudia kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata kituo cha afya, ulikuwa mpango mwema, lakini mwenye homa akiwa dunguni, au bibi aliyeachwa kijijini peke yake na wajukuu, bado alihitaji mtu wa kumfikisha kwenye jengo hilo.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilitambua kuwa mwenye umri wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo anastahili kutibiwa bila malipo. Kivitendo, haki hiyo ilitegemea barua ya msamaha. Mzee alianza kwa mwenyekiti wa kitongoji ili athibitishwe, akaenda kwa mtendaji wa kijiji aandikiwe na kugongewa mhuri, na mara nyingi akatakiwa kufika ofisi ya ustawi wa jamii. Mtendaji akiwa ameitwa halmashauri, mhuri nao umekwenda naye, na safari ikarudiwa siku nyingine. Mwandishi anamkumbuka mjane mmoja aliyeitunza barua yake ndani ya mfuko wa plastiki, akaifunga kwenye pindo la khanga, na alipofika dirishani katika zahanati moja akaambiwa dawa ya shinikizo la damu haipo, akanunue dukani. Mhudumu aliyemjibu hakuwa na roho mbaya. Msamaha ulitolewa na ofisi moja, gharama ikaangukia kituo cha tiba ambacho hakikurudishiwa chochote, kwa hiyo kila barua iliyofika pale dirishani ilikuwa hasara. Kwa maoni ya mwandishi, hapo ndipo penye kiini cha tatizo, na semina za kuhimiza ushirikiano hazikupagusa.

Mabadiliko yalianza pale orodha zilipounganishwa. Mpango wa kunusuru kaya maskini, unaoendeshwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF), ulikuwa na majina yaliyopitishwa na mkutano wa kijiji, na ulizitaka kaya zenye watoto wadogo ziwapeleke kliniki. Ikaonekana busara kaya hizohizo zitambuliwe pia kwa msamaha wa matibabu, na muuguzi afike siku ya malipo kupima shinikizo la damu palepale uwanjani. Hatua nyingine ilihusu watu wa kuzifikia kaya majumbani. Kuanzia mwaka 2011, katika wilaya za Kilombero, Ulanga na Rufiji, mradi wa utafiti uliwaajiri wahudumu wa afya ya jamii waliofahamika kama WAJA, waliochaguliwa na wanakijiji wenzao, wakasomeshwa miezi tisa na kulipwa mshahara. Mhudumu anayelipwa huweza kuulizwa kwa nini nyumba fulani haikutembelewa. Anayejitolea, akiwa na shamba lake la kupalilia, haulizwi kwa haki.

Jambo la mwisho ni nauli, ambalo vikao vingi hulipita haraka. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam ilionyesha njia kwa wanawake wenye fistula ya uzazi, yaani tundu linalotokana na uchungu wa muda mrefu usiopata msaada na kumfanya mama avujishe mkojo au kinyesi: balozi wa kijijini alimtambua mgonjwa, hospitali ikatuma nauli kwa M-Pesa, na balozi akapewa kifuta jasho mgonjwa alipofika. Matibabu yenyewe yalikuwa bure tangu awali, lakini bila nauli hiyo wengi wasingeyapata.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeweka utaratibu wa kuwagharamia wasio na uwezo. Wanaoandaa bajeti za halmashauri wanaombwa waandike humo, kwa majina ya mafungu na kwa shilingi, nauli ya mgonjwa asiyejimudu na posho ya anayemsindikiza, kabla ya kuitisha kikao kingine cha wadau.