Zawadi kwa Mpenda Picha

Miongoni mwa watu walio wagumu kuchaguliwa zawadi, mpenda picha yuko mstari wa mbele. Mkulima apewaye jembe hulitia mpini akaenda nalo shambani. Mwanafunzi apewaye kamusi huifungua siku ile ile. Lakini mwenye mapenzi ya kamera ana vyombo vyake, na vyombo hivyo vina ukoo wao. Havimpokei mgeni kwa urahisi. Lenzi iliyotengenezwa kwa ajili ya Canon haiingii katika mdomo wa Nikon, hata ikiwa kwa macho zafanana kama pacha.

Ndugu watatu wa Nanyuki waliyajua hayo kwa gharama kubwa. Mdogo wao alikuwa amemaliza chuo, na kila Jumapili huzunguka na kamera yake akipiga picha za ndege na farasi. Wakachanga fedha, wakamtuma mtu Nairobi akanunua lenzi ya kuvutia vitu vilivyo mbali. Kijana akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru sana. Haikuingia. Naye, kwa kuwaonea haya wakubwa wake, hakusema neno. Lenzi ikakaa kabatini mwaka mzima, mpaka siku mmoja wao alipouliza mbona picha za tembo bado ni ndogo kama sisimizi. Kufikia hapo dukani hawakukubali tena kuibadilisha.

Basi atakaye kutoa zawadi ya namna hiyo na aanze kwa upelelezi mdogo. Jina lililoandikwa usoni mwa kamera, namba iliyo juu ya betri yake, umbo la kadi inayohifadhi picha: hayo matatu yaweza kuandikwa katika kipande cha karatasi na mtoto yeyote wa nyumbani, mwenye kamera asijue. Kwa habari ya kadi, inafaa kununua katika duka linalotoa risiti, kwani zile ziuzwazo njiani kwa bei ya karanga aghalabu hujaa kabla ya wakati wake, au huzimeza picha zisizirudishe. Stendi ya miguu mitatu ni kitu kizuri, lakini nzito haimfai mtu asafiriye kwa matatu.

Betri ya akiba watu huidharau, na kumbe katika nchi hizi za Mlima Kenya ni zawadi ya maana kuliko vingi vyenye kung'aa. Wapandao mpaka kilele cha Lenana, mita 4,985 juu ya bahari, huondoka kambini usiku wa manane ili jua liwachomozee juu. Baridi ya saa zile huidhoofisha betri upesi, hata mtu aliyepanda siku tatu akafika kileleni akaikuta kamera imezimika. Mwenye betri ya pili, akaiweka katika mfuko wa ndani karibu na kifua ipate joto la mwili, huyo ndiye ashukaye na picha.

Na walio chini ya mlima wana adui mwingine, ndiye unyevu. Mtu wa Nyeri hahitaji kuambiwa ukungu wa Julai ulivyo. Viatu vyaota ukungu chini ya kitanda, sembuse lenzi iliyofungiwa katika mfuko wa ngozi. Kuvu huingia kati ya vioo, ikaenea kama utando wa buibui, na kuiondoa ni kazi ya fundi tena ya ghali. Sanduku la plastiki lenye kifuniko cha kubana, pamoja na vile vipakiti vya chembe zinyonyazo maji ambavyo hupatikana ndani ya viatu vipya, laweza kuilinda kamera ya thamani ya ng'ombe wawili. Tena kitambaa laini cha kufutia kioo, maana wengi hufutia pindo la shati, nalo lina vumbi la njia nzima kutoka Kiganjo.

Wako pia wapenda picha wenye kila kitu. Hao yafaa wapewe safari. Mlima huu hujionyesha alfajiri, na mara nyingi hata kabla ya saa nne asubuhi mawingu yamekwisha kuuvika. Atokaye Karatina kwa gari la kwanza huukuta umejifunika. Nauli na malazi ya usiku mmoja Naro Moru ni zawadi isiyofungwa kwa karatasi, lakini huleta picha.

Na picha za mlima huu si pambo tu. Mwaka 1899 Mwingereza Halford Mackinder alipofika kilele cha Batian kwa mara ya kwanza, katika msafara wake alikuwamo Campbell Hausburg, ambaye kazi yake mojawapo ilikuwa kupiga picha. Picha za zamani za mlima ndizo wataalamu walizozilinganisha na za miaka ya baadaye, wakaona jinsi barafu ya Lewis ilivyopungua. Kadhalika Nyeri ilipata kukaliwa na mwindaji mashuhuri wa India, Jim Corbett, aliyehamia hapo mwaka 1947 akafariki mwaka 1955. Mtu huyo aliyejulikana kwa bunduki alikuwa amekwisha kuipenda kamera ya sinema kuliko bunduki. Alikuwako Treetops mwezi Februari 1952, usiku ule Binti Mfalme Elizabeth alipokuwa huko, naye binti huyo pia alikuwa na kamera yake ya sinema akiwapiga wanyama waliokuja kunywa maji.

Lakini zawadi iliyo nzuri kuliko zote pengine haimo dukani. Mzee mmoja wa upande wa Othaya alipiga picha za watu kwa zaidi ya miaka thelathini: harusi, mazishi, ubatizo, baraza za machifu. Alianza siku za filamu ya picha 36, ambapo kila kubonyeza kulikuwa ni fedha, na mtu hufikiri kwanza. Alipotimiza miaka sabini watoto wake walikubaliana kumnunulia kamera mpya. Kitinda mimba, ambaye ni muuguzi Karatina, ndiye aliyekataa.

"Baba ana kamera nne," alisema. "Lakini picha yake iko wapi?"

Wakatafuta. Walipata ile ya kitambulisho, basi. Siku zote mzee alikuwa nyuma ya kamera. Na jambo hilo liliwatia hofu, kwa kuwa mama yao alipofariki miaka miwili nyuma ilibidi uso wake ukatwe katika picha ya harusi ya jirani. Na pale juu ya jeneza, kando ya shavu lake, lilionekana bega la mtu mwingine ambaye hapana aliyemjua.

Wakampata mpiga picha wa mjini Nyeri aje nyumbani. Mzee aliketi mbele ya mikahawa yake akiwa na kamera kuukuu mapajani, akimkaripia kijana wa watu kwamba amesimama vibaya na jua, mpaka mwisho akatulia. Kisha wakachukua bati la biskuti lililojaa negativu, wakazipeleka studio, wakaomba zichapwe mia moja za kwanza, wakazitia katika albamu.

Mzee aliifungua baada ya chakula. Hakusema kama ni nzuri au mbaya. Aliweka kidole juu ya uso wa mwanamke aliyesimama mwisho wa safu, akamtaja jina, na jina la baba yake, na mwaka alioolewa. Akaenda kwa wa pili. Ndipo watoto walipotambua kwamba katika nyumba ile nzima ni yeye peke yake awajuaye watu wale, na kwamba bati bado lilikuwa na negativu mamia.

Jumamosi iliyofuata yule muuguzi alimletea kalamu za risasi laini, kwani wino wa kalamu ya kawaida hupenya karatasi ya picha ukaiharibu. Sasa kila mwisho wa mwezi bahasha moja hutoka studio, naye mzee huketi barazani na mjukuu, akitaja majina, mtoto akiyaandika nyuma ya picha. Wamefika harusi za mwaka 1986.