Ng'ombe Kumi na Wawili

Huko Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu tangu mkoa huo ulipoundwa mwaka 2012, mtu akisema anakwenda China haulizwi atatazama nini. Huulizwa atarudi na nini. Nchi hiyo inajulikana kwa vitu vyake: pikipiki, simu, vitenge. Jina la Guangzhou hutamkwa madukani kwa wepesi ule ule linaotamkwa jina la Mwanza. Basi karani mmoja mstaafu wa kinu cha kuchambulia pamba alipotangaza kwamba atauza ng'ombe kumi na wawili, yeye na mkewe wakatembee China, wala hawatarudi na mzigo, ndugu zake waliitana kikao.

"Ng'ombe kumi na wawili, ukatazame mlima?" aliuliza kaka yake mkubwa.

Swali hilo si la kuchekwa. Kwa Msukuma ng'ombe ni akiba, ni mahari, ni kinga ya mwaka wa njaa. Lakini karani naye alikuwa na hoja yake. Kwa miaka thelathini aliandika daftarini hesabu ya marobota ya pamba yaliyopakiwa kuelekea bandarini, na kutoka huko kuvuka bahari. Dhahabu nyeupe ya Simiyu ilisafiri. Mwandishi wa hesabu yake alibaki.

Kwanza alitaka Xinjiang, magharibi ya mbali, kunakolimwa sehemu kubwa kabisa ya pamba ya China, katika nchi kavu inayonyweshwa kwa maji ya theluji iyeyukayo milimani. Binti yao, aliyepata kusoma huko, alimwonyesha ramani: kutoka Beijing ni zaidi ya kilomita 2,000, na siku zao ni kumi tu. Xinjiang ikafutwa. Ukuta Mkuu nao ukafutwa, maana mama alihesabu zile ngazi za mawe katika picha, akayahesabu na magoti yake.

Ikabaki miji miwili. Baba alichagua Xi'an. Karibu na mji huo, mwaka 1974, wakulima waliokuwa wakichimba kisima wakati wa ukame walikuta vipande vya sanamu za udongo. Kumbe chini yao lilikuwa limesimama jeshi zima, maelfu ya askari waliozikwa kulilinda kaburi la mfalme Qin Shi Huang, aliyefariki mwaka 210 kabla ya Masihi. Habari hiyo ilimgusa. Simiyu pia, mto uliompa mkoa jina lake unapokauka, watu hufukua mchanga wakitafuta maji. Alitaka kusimama mahali ambapo watu mfano wake walichimba kwa kiu wakakuta historia.

Mama alichagua Guilin. Hakuwa na hoja ndefu. Binti yake alipata kumletea noti ya yuani 20, naye aliihifadhi kashani kati ya kanga zake. Nyuma ya noti hiyo umechorwa mto Li, unaopita katikati ya vilima vya mawe ya chokaa vilivyochongoka kama meno, na juu ya maji mna mvuvi na chombo chake cha mianzi. Kutoka Guilin hadi Yangshuo, wasafiri huuteremka mto huo kwa mashua kwa muda wa saa nne hivi.

Kikao kilitoa hukumu ya kati: wauzwe wanane, wanne wabaki kwa mahari ya mjukuu. Fedha ikapungua, na pamoja nayo uchaguzi: Xi'an au Guilin, si yote mawili.

Hapo ndipo mama aliposema. "Shemeji, miaka arobaini nimewakamua ng'ombe hao. Sikuwahi kuuliza maziwa yanakwenda wapi. Safari hii nataka nijue mimi mwenyewe ninakwenda wapi."

Karani alinyamaza, kisha akasema: "Kisima nakijua. Twende mtoni."

Tembea uone, walisema wahenga. Hawakusema tembea uone yale uliyoyazoea. Aghalabu msafiri huvutwa na kinachofanana na kwao, kwa kuwa humo hujiona mwenyewe. Lakini aliyeuza ng'ombe wanane ana haki ya kuona kitu ambacho macho yake hayana mfano wake.

Wakachagua katikati ya Septemba, msimu wa pamba ukiwa umekwisha, na kabla ya tarehe 1 Oktoba, Sikukuu ya Taifa, wiki ambayo Wachina wenyewe husafiri kwa mamilioni na vyumba vya wageni hupanda bei. Binti akapanga njia: ndege hadi Guangzhou, kisha treni ya mwendo kasi hadi Guilin, saa tatu hivi.

Kaka mkubwa aliposikia neno Guangzhou, uso wake ulikunjuka. Jioni alirudi peke yake, akaketi, akazungumza habari za mvua na za malisho. Alipoinuka kuondoka ndipo alipolisema lililomleta:

"Maadamu mtapita hapo, niangalizieni pampu ya maji. Kile kisima changu kimeanza kukauka."