Kabla Uchukue Bunduki ya Leva, Jibu Swali la Anti

Wacha niseme mapema tusipotezeane wakati: bunduki ya leva ni chombo kisafi sana, na wasee wengi wanaichagua kwa macho badala ya kichwa. Kazi yangu ni rivyu za simu na viatu vya mitumba, kwa hivyo huu ugonjwa naujua. Mtu anahesabu kamera tatu nyuma ya simu, anasahau kuuliza kama betri itafika saa kumi jioni.

Kwani nimetoa wapi stori ya bunduki, na niko zangu Kayole? Sababu ni cuzo yangu. Yeye ni nesi kule Minnesota, alishachukua uraia, na wenzake kazini wamemwalika akawinde nao kulungu mwezi wa Novemba. Ameshapenda bunduki ya leva. Akanitumia picha tano na swali moja: "Wewe si ndiye wa rivyu? Nichukue gani?" Mamake, anti yangu, akasikia. Yeye hakuuliza ni gani. Aliuliza, "Ya nini?"

Mimi sijawahi kufyatua hata moja, na sitajifanya. Chuo niliacha mwaka wa pili, lakini kusoma sikuacha. Nimesoma maelezo ya watengenezaji, nimesoma sheria za uwindaji za Minnesota, nimemsumbua cuzo awaulize wazee wa huko. Na kadiri nilivyosoma, ndivyo nilivyoona kwamba swali la anti ndilo linachagua bunduki. La cuzo linafuata nyuma.

Kwanza tuelewane hii kitu ni nini. Chini ya triga kuna chuma cha mviringo, vidole vinaingia ndani. Ukikisukuma chini, ganda la risasi iliyotumika linaruka nje. Ukikirudisha juu, risasi mpya inaingia na bunduki imeshajikoki. Ndio hiyo leva. Bunduki ya Henry ya 1860 ilibeba risasi 16 wakati wanajeshi wengi walikuwa bado wanashindilia risasi moja moja kupitia mdomo wa mtutu. Winchester wakaendeleza, halafu John Browning akachora modeli ya 1894, ambayo imetengenezwa zaidi ya milioni 7. Kwa hivyo hii si toi ya makumbusho. Marekani bado inauzwa mpya, na bado inaleta nyama nyumbani.

Shida ni filamu na geimu. Wewe umecheza Red Dead Redemption 2, unajua hiyo sauti ya chuma. Umeona Arnold kwa pikipiki kwenye Terminator 2 akizungusha bunduki kwa mkono mmoja. Ile hata si raifo. Ni shotigani, Winchester ya 1887, na leva yake ilipanuliwa ndio izunguke mkononi. Yaani kitu kilichouzia watu ndoto kilirekebishwa kwa ajili ya kamera. Kati ya picha tano za cuzo, tatu zilikuwa na leva kubwa hivyo. Leva pana ina kazi yake ya kweli, lakini si kuzungusha. Novemba kule ni baridi kali, na leva pana inaingiza vidole vyenye glavu. Ukiichukua kwa sababu ya glavu, sawa. Ukiichukua kwa sababu ya Arnold, umelipia picha.

Sasa turudi kwa anti. Ya nini?

Jibu la kwanza la cuzo: kulungu wa mkia mweupe, msitu wa kaskazini, huko juu ya Duluth. Hilo jibu tayari limekata nusu ya picha. Msitu ule ni mzito, mnyama unamwona akiwa karibu. Hapo ndipo risasi ya .30-30 imekuwa ikifanya kazi tangu 1895. Si ya kutisha, haikung'oi bega, na bunduki yake ina uzito wa kilo tatu na kitu. Ukitembea siku nzima kwenye theluji, hiyo kilo moja unayookoa utaishukuru.

Lakini ina mpaka, na mpaka huo unatokana na jinsi ilivyoundwa. Bunduki nyingi za leva hupanga risasi kwenye bomba chini ya mtutu, moja nyuma ya nyingine. Ncha ya risasi ya nyuma inagusa kitako cha ile ya mbele, na hapo kitakoni ndipo panapowasha baruti. Ukiweka risasi zenye ncha kali ya chuma, unaomba ajali. Ndio maana za .30-30 kwa kawaida zina pua bapa, au siku hizi ncha laini ya plastiki kama zile za Hornady. Pua bapa inasukumana na upepo, inachoka haraka. Ukivuka mita 150 hivi, inaanza kushuka sana. Kama ndoto yako ni kupiga mnyama ng'ambo ya bonde, hii si bunduki yako, na hakuna mbao nzuri itakayobadilisha hilo.

Hapo ndipo kila mtu hushawishika kuenda kubwa. Cuzo akaanza kuniimbia .45-70, risasi nene iliyoanza maisha jeshini mwaka wa 1873. Nikamkumbusha kwamba kwetu tuna stori ya bunduki kubwa ya leva. Theodore Roosevelt, akiwa ametoka tu ikulu ya Marekani, alishuka Mombasa Aprili 1909 na mwanawe Kermit. Alikuja na Winchester ya 1895, ya .405, na aliipenda sana kwa simba. Hiyo modeli risasi zake zinakaa ndani ya kisanduku, si bombani, kwa hivyo haina shida ya ncha. Lakini angalia vizuri: alikuwa pia na Springfield nyepesi, na Holland & Holland ya mitutu miwili kwa ndovu. Alikuwa na watu wa kumbebea hizo bunduki, na wapagazi zaidi ya 200 nyuma yao. Yeye na Kermit waliua wanyama 512. Mtu wa namna hiyo hachagui. Anabebewa zote. Wewe utabeba moja, kwa bega lako, baada ya zamu ya usiku hospitalini.

Na hapa ndipo swali la anti lina uzito ambao huko Minnesota hawaujui. Babu yetu, babake anti, alikuwa mwindaji wa uta upande wa Kitui. Mwaka wa 1956 na 1957 kulikuwa na operesheni kubwa dhidi ya wawindaji wa Tsavo, Waata na Wakamba, na wengi wao walifungwa. Babu alikuwa mmoja wao. Kosa lake lilikuwa kitu kile kile ambacho mgeni aliye na leseni alikuwa akikifanya na kupigwa picha. Mmoja aliitwa mwindaji, mwingine jangili. Halafu 1977 Kenya ikapiga uwindaji marufuku kabisa, na sisi tuliozaliwa juzi tukakua tukijua bunduki ni ya polisi au ya mwizi, na zote mbili unakimbia.

Kwa hivyo anti akiuliza "ya nini," hamaanishi bei. Anamaanisha: unataka kuua, una sababu ambayo unaweza kumwambia mtu usoni? Babu alikuwa nayo. Ilikuwa nyama, na ilikuwa inamlazimu anyate hadi karibu sana ndio mshale ufanye kazi haraka. Mnyama aliyejeruhiwa akapotea ilikuwa aibu. Hiyo aibu ndiyo natamani iuzwe pamoja na kila bunduki.

Ndio maana swali langu la pili kwa cuzo halikuwa modeli. Ilikuwa: utaweza kununua risasi ngapi za mazoezi? Hii ndiyo betri ya simu ambayo watu husahau. Risasi moja ya .30-30 inapita dola moja. Ya .22 ni senti chache, haina kishindo, na haikufundishi kuogopa triga. Sheria ya huko hairuhusu .22 ndogo hiyo kwa kulungu, na ni sawa, lakini kwa kujifunza hakuna mwalimu mzuri kuishinda. Henry ya .22 inabeba 15, leva ni ile ile, mikono inajifunza mwendo ule ule. Na kama unataka tu kulenga makopo Jumamosi na hutaki mnyama kabisa, ishia hapo. Au chukua ya .357 Magnum, ambayo inakubali pia risasi za .38 Special zilizo nafuu zaidi. Kulenga shabaha ni mchezo kamili. Si lazima uishie kwa damu ndio uheshimike.

Kwa kulungu, nilibakisha mbili: Marlin 336 na Winchester 94, zote za .30-30, na ya mkono wa pili ni sawa kabisa. Tofauti ambayo ni muhimu kwa cuzo ni moja. Winchester 94 za zamani hutupa ganda juu, kwa hivyo darubini haiwezi kukaa katikati vizuri. Marlin hutupa kando. Cuzo anavaa miwani na anataka darubini. Imeisha, Marlin. Wazee wa huko hutafuta zile zenye muhuri wa JM kwenye mtutu, za kabla ya kampuni kubadilisha mikono. Ruger waliinunua Marlin 2020 na sasa wanatengeneza mpya. Ukinunua ya zamani, ingiza na kutoa risasi bandia mara kadhaa, angalia kutu ndani ya mtutu, angalia kama leva inafunga bila kulegea.

Kitu kingine picha haikuonyeshi ni nyundo. Kwenye hizi bunduki iko nje, nyuma, na mara nyingi unaishusha polepole kwa kidole gumba huku umebonyeza triga. Sasa fanya hivyo na glavu, na vidole vimeganda. Kikiteleza, imefyatuka. Kwa hivyo mtutu uelekee chini salama kila wakati, na ujizoeze na bunduki tupu hadi mwendo huo uwe mwilini. Nyingi za kisasa zina kitufe cha usalama. Watu wa mitandaoni wanakicheka ati kinaharibu sura ya kaubo. Cuzo ana mtoto wa miaka minne. Sisi tunakipenda kitufe.

Na kwa sababu ya huyo mtoto, kitu cha kwanza kununuliwa hakikuwa bunduki. Ilikuwa sefu ya chuma, na kisanduku cha pili chenye kufuli cha risasi peke yake. Minnesota inakataza kuacha bunduki yenye risasi mahali mtoto anaweza kuifikia, lakini hata bila sheria, nani anataka hiyo simu saa tisa usiku? Cuzo pia amezaliwa baada ya 1979, kwa hivyo bila cheti cha usalama wa silaha hapati leseni ya kuwinda. Darasa analo tayari.

Kipimo tulichokubaliana ni rahisi: sahani ya karatasi, risasi tano, ukiwa umekaa, halafu ukiwa umesimama. Umbali ambao zote tano zinaingia ndani ya sahani, huo ndio mpaka wako. Si mpaka wa bunduki, ni wako. Kama ni mita 40, kulungu aliye mita 60 anaenda zake na wewe unamwangalia tu. Na kama Oktoba ikifika sahani bado inamkataa, ataenda na wenzake bila bunduki, avae lile koti la rangi ya machungwa, awasaidie kubeba nyama. Hiyo pia ni kuwinda. Babu alianza hivyo.

Cuzo alimpigia anti akamweleza yote haya, pamoja na sefu. Anti alinyamaza, akauliza nyama wataigawaje. Hajasema ndiyo, lakini si ule ukimya wa mwanzo.

Kwa sasa cuzo ana .22 ya kuazima kwa mfanyakazi mwenzake, na kila Jumamosi wako pamoja kwenye uwanja wa shabaha. Wiki iliyopita akiwa amesimama, sahani ilikuwa na matundu matatu kati ya matano. Marlin bado hajainunua.