Kibarani: Tulikoziba Pua, Leo Watu Wanapunga Upepo

Kama uliwahi kuingia Mombasa kwa basi la Nairobi miaka ile, Kibarani unaikumbuka kwa pua kabla ya macho. Mimi mara ya kwanza nilikuwa nimelala fofofo. Harufu ndiyo iliyoniamsha! Abiria wote leso puani, kondakta anacheka: "Karibuni Mombasa, jamaa!"

Lilikuwa jalala la mji, pale pale ukingoni mwa bahari, kando ya barabara kuu. Moshi, kunguru, na watu wakichambua taka kwa mikono, huku maji ya chumvi ya Makupa yakilamba uchafu huo kwa chini.

Basi bwana, juzi nikapita tena na binamu yangu, nikamwambia tushuke. Nikabaki mdomo wazi. Nyasi! Miti! Vijana wamekaa wawili wawili, wanajifanya wanatazama maji.

Jalala lilifungwa mwaka 2018, likafukiwa udongo na kupandwa miti. Jirani yake, mwaka 2022, likafunguliwa daraja jipya la Makupa kuchukua nafasi ya tuta la zamani lililokuwa limeziba mkono wa bahari, ili maji yajae na kupwa kama zamani.

Lakini usidanganyike, msomaji. Taka za miaka mingi hazikuyeyuka. Zimefunikwa tu, na taka zikifukiwa huendelea kuoza na kutoa gesi. Ndiyo maana pahala kama hapa panafaa bustani kuliko ghorofa.

Tukanunua viazi karai kwa mama mmoja. Nikamsifia upepo. Akanitazama, akacheka kidogo.

"Mwanangu, wewe waona bustani. Mimi hapa palikuwa kazini kwangu. Nimesomesha watoto watatu kwa chupa na vyuma vya hapa."

"Sasa je, si afadhali harufu imekwisha?"

"Afadhali, kwani mimi nilikuwa sina pua? Kikohozi kimenitoka. Ila siku magari ya taka yalipogeuzwa kwenda Mwakirunge, kila mtu alijijua mwenyewe. Wenzangu wengine wayafuata mpaka leo."

Kiazi kikanikwama kooni. Mwakirunge iko bara, upande wa Kisauni, na huko nako kuna watu wenye pua. Na mimi wa Dar nitamcheka nani? Jalala letu lilitoka Tabata likaenda Vingunguti, likaenda Mtoni, sasa liko Pugu Kinyamwezi. Kila likihama, tunashangilia sisi tulioachwa nyuma.

Hata hivyo, kwenda nenda. Pahala pazuri, jioni upepo si mchezo, na kijana asiye na hela ya hoteli anapata pa kumkalisha mwenzake. Kula viazi karai, tia ukwaju.

Ila ile chupa yako ya soda usiitupe ovyo. Binamu alitaka kuitupa majini. Yule mama aliinyoosha mkono kabla sijasema neno, akaitia kwenye gunia lake chini ya meza.