Shumaisi, Mahali pa Kurudishwa

Ukiwauliza wakaazi wa Riyadh habari za Shumaisi, watakuelekeza kwenye mtaa wao wenye hospitali kongwe. Shumaisi ninayoikusudia iko mbali na hapo, upande wa Hijazi, kwenye barabara ya zamani itokayo Jeddah kwenda Makka, kilomita ishirini na ushei kabla ya kuufikia mji. Ni uwanda mkavu na vilima vya mawe, wenye msikiti wa kisasa na, kando yake, magofu ya msikiti wa zamani. Hapa ndipo Hudaibiya.

Nilipita hapo na mama mkubwa tulipokwenda Umra. Dereva alipolitaja jina, mama mkubwa aliinua uso. Yeye alilijua kwa sababu nyingine: eneo hilo lina kituo wanakozuiliwa wageni wasio na vibali wakisubiri kurejeshwa makwao, na mwanawe mdogo, aliyekwenda kutafuta riziki, alipitia humo.

"Ndipo hapa?"

"Ndipo hapa, mama. Na ndipo Mtume (s.a.w.) alipozuiwa."

Mfungo Pili, mwaka wa 6 Hijria, yaani 628, Waislamu wapatao 1,400 walifika hapa kutoka Madina wakiwa katika ihramu, na wanyama wa kuchinja. Makureshi wakawazuia. Uthman ibn Affan alitumwa mjini, ukazuka uvumi kwamba ameuawa, na chini ya mti mmoja watu wakampa Mtume mkono wa ahadi. Mwisho ukawa mkataba: vita visimame miaka 10, mwaka huo warudi, mwaka ujao waingie kwa siku tatu, na atakayewatoroka Makureshi kwenda kwa Mtume, arejeshwe. Sura ya 48 iliteremka wakiwa njiani kurejea, na wafasiri wengi wanaelewa kwamba ushindi inaoutaja ni suluhu hiyo.

Mti wenyewe haupo. Riwaya moja yasema Umar aliamuru ukatwe watu walipoanza kuuendea kusali. Nyingine yasema waliorudi mwaka uliofuata hawakuutambua tena. Nilipokuwa nikisoma Ufaransa nilizoea kuona kwamba kijiji, hata kiwe kidogo vipi, kina mnara wenye majina ya vijana wake waliokufa katika vita vya 1914 hadi 1918. Huko urithi ni jiwe unaloweza kulishika. Hudaibiya imehifadhiwa kwa njia nyingine: mti umetoweka, hata jina la mahali limebadilika vinywani mwa watu, na bado mtoto wa madrasa wa Pemba au Lamu atakusimulia yaliyotokea.

Lakini masimulizi nayo huchagua. Sisi hupenda kuishia kwenye ushindi, tukampita haraka Abu Jandal. Mkataba ungali ukiandikwa, alifika akiburura minyororo. Baba yake, Suhail ibn Amr, ndiye aliyekuwa mjumbe wa Makureshi. Akadai arejeshwe, naye akarejeshwa huku akiwalilia Waislamu. Mtume alimwambia astahimili, Mungu atamfungulia njia. Baadaye alitoroka, akajiunga na Abu Basir kwenye njia ya misafara karibu na pwani, mpaka Makureshi wenyewe wakaomba sharti lile liondolewe.

Mama mkubwa alisikiliza mpaka mwisho. Nami nikakumbuka kwamba niliporudi na shahada yangu, ukoo mzima ulikuja kunipokea uwanja wa ndege. Ndugu yangu aliporudishwa na mfuko mmoja mkononi, tulimpokea usiku, na asubuhi tukazungumza habari nyingine. Tulidhani tunamsitiri. Kumbe tulikuwa tunajisitiri wenyewe.

Tulipofika Makka, kabla hatujaenda kutufu, mama mkubwa aliniomba simu. Baada ya salamu alimuuliza mwanawe jambo ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza nyumbani:

"Mwanangu, pale Shumaisi ulikaa siku ngapi?"

Kisha akanyamaza muda mrefu, akisikiliza.