Nauli ya Habari

Katika miaka ya tisini, baada ya mfumo wa vyama vingi kuruhusiwa mwaka 1992 na magazeti ya watu binafsi kuzaliwa kwa wingi huko Dar es Salaam, mwandishi wa mkoani aliyekaa Lindi, kama nilivyokaa mimi, hakuwa mwajiriwa wa mtu: alilipwa kwa kila habari iliyochapwa, na ujira huo ulipimwa kwa rula. Kila mwisho wa mwezi nilizikata habari zangu gazetini kwa mkasi, nikazigandisha juu ya karatasi nyeupe, nikaandika kando tarehe na ukurasa, kisha nikamkabidhi kondakta wa basi bahasha hiyo, nayo, maadamu mvua haijaikata barabara wala kivuko cha Ndundu hakijaharibika pale Rufiji, ambako daraja halikufunguliwa mpaka mwaka 2003, ilifika kwa mhasibu kwa majaaliwa ya Mungu. Ikiwa mhariri ameifupisha habari ya aya kumi ikawa ya aya tatu, rula ilipima aya tatu. Nauli ya kwenda kuitafuta habari yenyewe haikuwamo katika hesabu ya mtu yeyote.

Kwa sababu hiyo tuliandika aghalabu yale yaliyotufuata. Mwenye semina, mwenye kampeni ya chanjo, mkubwa anayezindua tangi la maji, hao ndio waliokuwa na gari la kutuchukua, na jioni walikuwa na bahasha, ambayo kwa kuoneana haya tuliiita posho. Siwahukumu wenzangu, kwani mtu ambaye wanawe wanangojea unga nyumbani hana nafasi ya kuchagua sana. Walakini athari yake ilikuwa dhahiri, kwamba kijiji kisichopata mgeni rasmi hakikupata habari gazetini.

Mwaka 2008 ulipoanza kazi Mfuko wa Vyombo vya Habari Tanzania, chini ya usimamizi wa shirika la Kiholanzi la Hivos na kwa fedha za wahisani wa Ulaya, wakiwamo Waswisi na Waingereza, kilichotustaajabisha wengi wetu ni kwamba mwandishi mmoja, asiye na ofisi wala mhuri, aliweza kuomba ruzuku kwa jina lake mwenyewe. Sharti lilikuwa andiko: habari ni ipi, utawahoji akina nani, umma utanufaika na nini, na chini yake jedwali la bajeti, lenye safu ya nauli, ya malazi na ya chakula. Mimi niliomba kwenda Songosongo, kisiwa ambacho gesi yake ilikuwa ikisafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam tangu mwaka 2004, nikae na wavuvi waishio jirani na visima vile. Nikakubaliwa, nikapewa na mwandishi mkongwe wa kuninasihi, aliyenirudishia rasimu yangu ya kwanza ikiwa imejaa wino mwekundu.

Taabu ilikuja katika marejesho. Kila shilingi ilidai stakabadhi, na nahodha wa mashua iliyonivusha kutoka Kilwa hakuwa na kitabu cha stakabadhi wala hakujua kuandika. Nikachana karatasi ya daftari, nikaandika kiasi na tarehe, nikamfungulia kidau cha wino nilichoazima shuleni, mzee wa watu akakitazama kidole gumba chake, akanitazama na mimi, akasema, "Mwanangu, nimevusha watu tangu ujana wangu na hakuna aliyenitia alama kama ng'ombe." Akacheka, akabonyeza. Mhasibu aliipokea karatasi ile baada ya maswali mengi, nami hata leo nadhani ndiyo hati iliyokuwa ya kweli kuliko zote katika jalada langu.

Wapo wasemao kuwa ruzuku ilikuwa ni bahasha ile ile iliyopigwa nembo. Sikubaliani nao, kwani mwenye bahasha alitulipa ili tusiulize, ilhali ruzuku ilitugharimia safari ya kwenda kuuliza. Lakini kwa insafu sharti nikiri upande wa pili: aliyelipa safari ndiye aliyechagua swali. Baada ya ghasia za gesi kule Mtwara mwaka 2013, miito ya maandiko niliyoiona mimi ilitaja gesi, kisha gesi, kisha gesi tena, nasi tukajifunza kuisoma kama wakulima wasomavyo mawingu. Na mwaka ule ule, mwezi wa Aprili, nyumba zilichomwa moto Liwale kwa hasira ya malipo ya korosho, zao ambalo tangu mwaka 2007 lilikuwa likiuzwa kwa utaratibu wa stakabadhi ghalani. Hasira hiyo mkulima yeyote wa mkoa wetu angaliieleza mapema, lau angalitokea mwenye nauli ya kwenda kumsikiliza.

Miaka iliyofuata sina mengi ya kuisimulia. Mada zilibadilika, maandiko yakazidi kudaiwa kwa Kiingereza, na redio za jamii zikajifunza kuandaa vipindi kwa muda wa mradi, hata mradi ukiisha kipindi nacho kikanyamaza. Kisha, tarehe 20 Januari 2025, rais wa Marekani akasimamisha misaada ya nje, na humo zilikuwamo dola milioni 268 ambazo Bunge la nchi hiyo lilikuwa limezitenga kwa ajili ya vyombo huru vya habari ulimwenguni; haukupita muda Waingereza nao wakatangaza kuipunguza misaada yao.

Siku hizi redio nyingi za mikoani huishi kwa matangazo ya misiba, kwa salamu, na kwa matangazo ya halmashauri ile ile ambayo mwandishi wao angepaswa kuihoji. Kijana mmoja ninayemsaidia kuandika maandiko ana habari ya wakulima wa korosho wa Liwale. Majina ya watu wa kuwahoji anayo, basi la kupanda analijua, na bei ya chumba ameshaiuliza. Maombi yake hayajajibiwa, na wiki hii amekwenda kuandika habari ya uzinduzi wa zahanati, kwa kuwa gari lilimpitia.